Rubani mwanafunzi

Rubani mwanafunzi ni mtu anayejifunza kurusha ndege chini ya mkufunzi aliyeidhinishwa, kabla hajapata leseni yake ya kwanza ya urubani. Nchini Kenya mafunzo hayo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na kitovu chake ni Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi. Shabaha ya awali ni leseni ya rubani binafsi, ambayo kila mtu uwanjani huiita PPL. Leseni hiyo humruhusu mwenyewe kurusha ndege ndogo na kubeba jamaa na marafiki, lakini si kulipwa kwa kazi hiyo. Anayetafuta ajira huendelea hadi leseni ya biashara, CPL.

Historia

Urubani wa kiraia ulianza mapema Nairobi. Klabu ya Anga ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927, na miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways. Kampuni hiyo ilikoma Vita Kuu ya Pili ilipoanza, lakini jina la mwanzilishi lilibaki: mwaka 1962 uwanja wa zamani wa Nairobi ulibadilishwa jina na kuitwa Wilson. Tom Campbell Black, rubani wa kampuni hiyo, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Septemba 1936 Markham alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada, akipambana na upepo wa mbele.

Katika ukanda huu kuna pia chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ili kuandaa marubani na mafundi wa nchi zake tatu, Kenya, Tanzania na Uganda. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki.

Masharti ya kuanza

Kenya, Tanzania na Uganda hufuata Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Kiambatisho chake cha Kwanza huweka viwango vya chini vya leseni. Ndiyo sababu masharti ya nchi hizi yanafanana, na leseni ya nchi moja inaweza kugeuzwa kuwa ya nchi nyingine baada ya mwenyewe kutimiza taratibu za mamlaka ya huko. Nchini Kenya umri wa kupata leseni ya mwanafunzi ni miaka 16. PPL hutolewa kuanzia miaka 17, na CPL kuanzia miaka 18.

Sharti linalopaswa kutangulia yote ni afya. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake bila cheti cha afya cha Daraja la Pili, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Cheti cha daktari wa kawaida hakitoshi. Daktari huyo hupima macho na uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, shinikizo la damu na mkojo. Kuvaa miwani si kizuizi, mradi uoni ukiwa nayo unafikia kiwango. Leseni ya biashara hudai Daraja la Kwanza, ambalo ni kali zaidi. Kwa hiyo mwenye nia ya kufanya urubani kuwa kazi hushauriwa kupimwa kwa Daraja la Kwanza tangu mwanzo, kabla hajalipa karo. Kasoro ya rangi au ya moyo ikigunduliwa siku hiyo, atakuwa amepoteza ada ya daktari peke yake.

Lugha nayo ni sharti. Tangu Machi 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kuwa na ustadi wa lugha ya redio usiopungua Kiwango cha Nne katika ngazi sita, na kwa marubani wengi lugha hiyo ni Kiingereza. Kinachopimwa ni matamshi yanayoeleweka na uwezo wa kujieleza jambo lisilotarajiwa linapotokea, wala si lafudhi ya Kizungu.

Chuo na gharama

Mafunzo yanayotambuliwa ni ya chuo chenye idhini hai ya mamlaka, na mwanafunzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa cheti cha idhini hiyo. Mambo mengine ya kuuliza ni idadi ya ndege zinazoruka sasa, si zile zilizoegeshwa zikingoja vipuri. Idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi. Na utaratibu wa kurudishiwa fedha mwanafunzi akiacha.

Gharama hupangwa kwa saa. Mwanafunzi hulipia saa za ndege, saa za mkufunzi, ada za kutua, masomo ya darasani, mitihani na leseni yenyewe. Kanuni za kimataifa zinadai saa 40 za kuruka kwa PPL, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa, lakini hicho ni kiwango cha chini cha sheria tu. Wengi hukipita, na kisa cha kawaida ni kuruka kwa vipindi: anayekaa wiki tatu bila kuruka hutumia somo linalofuata kurudia alilokwisha kulipia. Bajeti iliyopangwa kwa saa 40 kamili huisha njiani, kwa hiyo ni nafuu kuanza fedha ya kutosha ikishapatikana na kuruka mara mbili au tatu kwa wiki.

Darasani

Masomo ya nadharia ni tisa: sheria za anga, maarifa ya ndege, uwezo wa ndege na upangaji wa safari, mwili na akili ya rubani, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka, na mawasiliano ya redio. Somo la hali ya hewa lina uzito wa pekee Nairobi. Kati ya Juni na Agosti mawingu ya chini hufunika jiji asubuhi na kuchelewesha mazoezi, na katika misimu ya mvua ngurumo huibuka alasiri. Rubani anayeruka kwa kutumia macho anatakiwa kuona umbali wa angalau kilomita 5 na kukaa mbali na mawingu. Sharti hilo lisipotimia, somo huahirishwa.

Ukaguzi kabla ya kuruka

Ndege za mafunzo zilizozoeleka ni Cessna 152 ya viti viwili, Piper za aina ya PA-28, na Cessna 172 ya viti vinne, iliyoingia sokoni mwaka 1956 na kutengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Kabla ya kuingia ndani, mwanafunzi huizunguka akiwa na orodha mkononi. Hugusa ukingo wa propela akitafuta makovu ya kokoto, huvuta kijiti cha kupimia oili, hutikisa vibawa vya pembeni na kuangalia kama pini zake zimekaza, huondoa kifuniko cha mrija unaopima mwendo na kuhakikisha hakuna mdudu aliyejenga ndani.

Kisha huchota mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa kwa kikombe cha plastiki angavu na kukiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu. Maji, yakiwamo, hutuama chini kama tone jeupe, nayo humwagwa na sampuli huchotwa tena mpaka itoke buluu tupu. Kikombe kilichojaa kimiminika kisicho na rangi si dalili ya usafi: huenda ni maji matupu, au mafuta ya ndege za jeti yaliyotiwa kimakosa. Ndege hairuki hadi jambo hilo lijulikane.

Masomo ya hewani

Mwanafunzi hukaa kiti cha kushoto, mkufunzi kulia. Wote wawili wana usukani, hivyo kukabidhiana ndege hufanywa kwa kutamka: anayepokea husema ameishika, anayetoa hujibu kwamba ameiachia. Masomo huanza na kazi ya kila kidhibiti cha ndege, kuruka sawa bila kupanda wala kushuka, kupanda, kushuka na kupinda. Hufuata zoezi la bawa kupoteza nguvu ya kuinua. Mwanafunzi huinua pua huku mwendo ukipungua, king'ora hulia, ndege hutetemeka na pua huanguka. Naye hujifunza kusukuma usukani mbele, ingawa silika humwambia auvute.

Baadaye huja mizunguko ya uwanja: kuruka, kupinda mara nne, kutua, kisha kurudia. Barabara moja ya kurukia ya Wilson huitwa 07 kwa sababu ncha yake huelekea takriban nyuzi 70 za dira, upande ambao upepo hutoka siku nyingi.

Mwinuko wa Wilson

Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na jambo hili humpa mwanafunzi wa Nairobi somo ambalo mwenzake wa Mombasa au Dar es Salaam hulisoma kitabuni. Kwa kipimo cha kimataifa, joto la usawa wa bahari huchukuliwa kuwa nyuzi 15 na hupungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Wilson basi ingepaswa kuwa na nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25, hewa yake huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko futi 8,000. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu, ndege hutumia barabara ndefu zaidi, hupanda polepole, na rubani hulazimika kupunguza mafuta katika mchanganyiko ili yalingane na hewa iliyopo.

Mtego mkubwa uko kwenye kutua. Kipima mwendo husoma msukumo wa hewa. Kikionyesha kilomita 120 kwa saa mchana kama huo bila upepo, ndege hupita juu ya ardhi kwa takriban 135. Mwanafunzi anayeamini macho yake huona anakwenda mbio, hupunguza mwendo, na kujikuta ukingoni mwa kupoteza nguvu ya kuinua karibu na ardhi. Kanuni ni kufuata kipimo kilekile kila mahali.

Redio na usalama

Herufi na tarakimu husemwa kwa njia moja duniani kote: B ni Bravo, Y ni Yankee, na 9 hutamkwa "niner" isichanganywe na neno lingine. Agizo la barabara ya kutua au kipimo cha shinikizo la hewa lazima mwanafunzi alirudie neno kwa neno, ili mwongozaji wa mnarani ajue limesikika sawasawa.

Wilson ina msongamano wa ndege za abiria, za watalii na za mafunzo kwa pamoja. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Kwa hiyo macho ya rubani hayana budi kuwa nje muda mwingi kuliko kwenye vipimo, hata mnara unapoongoza.

Kuruka peke yake na mtihani

Siku ya kwanza ya kuruka peke yake haipangwi kwa kalenda. Mkufunzi akiridhika na mizunguko kadhaa, hushuka na kumwacha mwanafunzi aruke mzunguko mmoja, naye hugundua kwamba ndege iliyopungukiwa na mtu mmoja hupanda haraka kuliko alivyozoea. Katika vyuo vingi anayerudi humwagiwa maji na wenzake.

PPL hudai saa 10 za kuruka peke yake. Tano kati yake ni za safari za mbali, ikiwamo moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Wanaoelekea magharibi huvuka Milima ya Ngong, ambako upepo wa mashariki huporomoka kuingia Bonde la Ufa na kuivuta ndege chini, hivyo hupanda mapema. Mwisho ni mtihani wa hewani mbele ya mtahini aliyeteuliwa na mamlaka.

Baada ya PPL

CPL huhitaji saa 200 kwa jumla, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Safari za mafunzo huingizwa katika daftari la saa za kuruka na kuthibitishwa na mkufunzi, na saa hizo, tangu somo la kwanza kabisa, ni sehemu ya jumla ya 200.