Kariakoo Mbili

Mimi ni mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam. Basi siku ya kwanza kufika Nairobi, nilipomsikia kondakta wa matatu akiita "Kariokor! Kariokor!", nilidhani ananitania. Nikapanda.

Nilishukia sokoni. Moshi wa nyama choma, viondo vya mkonge vimetundikwa, mafundi wanashona ndara za ngozi. Nikamwamkia mama mmoja muuza viondo: "Shikamoo, mama." Akacheka. "Marahaba. Wewe umetoka Tanzania, si ndiyo?" Nikamwambia hata kwetu ipo Kariakoo. "Wacha! Sasa nani alimwibia mwenzake jina?"

Hakuna aliyeiba, ndugu msomaji. Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Nairobi palikuwa na kambi yao. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wakapiga kambi huko pia. Ndimi zetu zikamalizia kazi.

Watu hawa hawakuwa na bunduki. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwaua farasi na punda, kwa hiyo shehena ya jeshi ikaenda vichwani mwa watu. Wengi hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1917, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, wanaume walisombwa kwa maelfu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hawapungui 40,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kibovu.

Kwetu Dar tuna sanamu ya Askari tangu 1927, na bunduki yake mkononi. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu, huko chini. Sanamu ya Nairobi ya 1928 walau inaye: amesimama pamoja na askari wawili.

Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba baba yake mdogo "alikwenda na mizigo ya Wazungu", basi. Kaburi hatulijui. Nami sikumwuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira.

Nilipomsimulia yule mama, alinyamaza kidogo. "Hata kwetu alienda mmoja," akasema. "Hakurudi."

Msomaji, kama una bibi au babu aliye hai, muulize leo. Jina la mtaa limewatunza watu ambao sisi wenyewe tumewasahau.