Baruti ya Kilembe, Anga la Musoma

Daraja la Kyaka halikuangushwa na ndege. Vitabu vya Vita vya Kagera hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi anakimbilia kwenye mapigano. Mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameshika ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, na redio ya Kampala ilikuwa imeshatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Kilichobaki ni kulikata daraja ili JWTZ wasivuke. Ndege za kivita za Uganda zikatumwa kulipiga mabomu. Zikalikosa. Mwishowe Waganda wakamtafuta mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe, kule chini ya milima ya Ruwenzori. Akaja, akafunga baruti zake, na tarehe 3 Novemba daraja likalala mtoni.

Nimekulia Kakola, mji ulioota kando ya mgodi wa Bulyanhulu, na ndiyo maana sentensi ile ilinisimamisha. Nilikuwa maktaba nikikusanya habari za barabara na madaraja ya Kanda ya Ziwa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, mada ambayo hata mwenye nyumba wangu huiona ni ya kusinzia. Halafu ghafla, katikati ya habari za ndege zinazopita kasi ya sauti, anatokea mtu wa mgodini. Jina lake sikulikuta. Nilimwona hata hivyo: ana fataki mfukoni, ana waya, na ana ile tabia ya mafundi baruti ya kutokuwa na haraka.

Tufanye hesabu kidogo. Ndege inayoruka kwa kilomita 900 kwa saa inakwenda mita 250 kila sekunde. Rubani akichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kuachia bomu, bomu limeshapotea mita 25. Daraja ni utepe. Ukilijia kwa ubavu una upana wa barabara tu wa kulenga, na huku chini kuna watu wanakurushia risasi. Bomu la enzi zile halikuwa na macho. Likishaachiwa, ni jiwe.

Hili halikuwa tatizo la marubani wa Amin peke yao. Marekani ililipiga daraja la Hàm Rồng, karibu na mji wa Thanh Hóa huko Vietnam, kuanzia 1965. Walipeleka ndege mamia kwa mamia, wakapoteza marubani, na daraja likabaki limesimama, limeungua na kutobolewa. Lilikuja kuangushwa Mei 1972, kwa mabomu mapya yaliyofuata doa la mwanga wa leza lililoelekezwa na ndege nyingine. Ukitaka tarehe ya kuzaliwa kwa vita vya anga vya leo, mimi ningechagua mwezi huo. Ndege zilikuwa zilezile. Bomu ndilo lililopewa macho.

Nilimsimulia habari za Kyaka mjomba wangu, ambaye amelipua miamba tangu enzi za wachimbaji wadogo, duara za kamba na karasha la mkono, hadi alipoajiriwa kwenye migodi mikubwa. Hakushangaa. "Mwanangu," akasema, "baruti ukiiweka juu ya jiwe inapiga kelele tu. Ukiitia ndani ya tundu, ukaliziba, ndipo inafanya kazi." Kisha akaniuliza swali ambalo profesa wangu hajaniuliza bado: yule mtu wa Kilembe alipewa muda gani kulisoma daraja? Kwa mjomba, kulipua ni kusoma kwanza: mwamba umelalaje, ufa uko wapi, nani yuko karibu. Utambi unawashwa mwisho kabisa, baada ya kuhesabu watu.

Kuhesabu watu. Hapo ndipo vita vya anga vya Kanda ya Ziwa vilipoharibika vibaya zaidi, na si Kyaka bali Musoma. Mwanzoni mwa vita, ndege tatu za kivita za Tanzania zilizokuwa zikipita Musoma zilitunguliwa na walinzi wetu wenyewe wa anga, waliodhani ni za Uganda. Marubani wakafa. Fikiria walichokiona wale walinzi. Uganda ilikuwa na MiG za Kisovieti. Sisi tulikuwa na ndege za Kichina zilizonakiliwa kutoka kwenye MiG hizohizo. Ukiwa chini, ukitazama juu na jua la ziwa likikuchoma macho, zote ni pua moja, mabawa yale yale yaliyolala nyuma, na mngurumo ule ule unaofika baada ya ndege kupita. Bukoba ilikuwa imeshapigwa mabomu mwezi Oktoba. Kila mtu alikuwa na kidole kwenye kitufe.

Dawa ya tatizo hili ilikuwepo tangu Vita Kuu ya Pili: chombo cha chini kinatuma swali la siri kwa redio, chombo kilicho ndani ya ndege kinajibu kwa namba ya siri. Asiyejibu ni adui. Ni kama kupiga hodi. Lakini asiyejibu hodi anaweza pia kuwa mwenye nyumba aliyelala, au ambaye hakuambiwa kwamba namba zimebadilishwa asubuhi.

Basi nikafuatilia, nikidhani nitakuta kwamba Musoma ni kisa cha jeshi changa. Machi 2003, mtambo wa Patriot wa Marekani ulitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa ikirudi kambini Kuwait, na siku chache baadaye Patriot tena ikatungua ndege ya Wanamaji wa Marekani wenyewe. Desemba 2024, juu ya Bahari ya Shamu, manowari ya Marekani, USS Gettysburg, iliidungua F/A-18 ya jeshi lake. Marubani wale wawili waliruka wakapona. Kati ya Musoma na Bahari ya Shamu kuna miaka 46 na mabilioni ya dola. Tatizo la kulenga limekwisha, kwa kiasi kikubwa. Tatizo la kumjua unayemlenga bado liko palepale.

Kuhusu Mwanza nitasema kwa kifupi, ingawa ndicho kisa ambacho watu hupenda kunisimulia wakicheka. Mwishoni mwa Machi 1979, Gaddafi akiwa ameshaingia vitani upande wa Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza. Wasovieti waliiunda ndege ile kwa ajili ya vita vya Ulaya, na ina uwezo wa kupita kasi ya sauti. Mzigo wake uliangukia kisiwa cha Saanane, wakati ule bustani ya wanyama, na waliokufa ni swala. Siku chache baadaye ndege zetu zikajibu kwa kupiga Kampala, Entebbe na Jinja. Na wanajeshi wetu walipoingia uwanja wa Entebbe mwezi Aprili, ndege kubwa ya mizigo ya Libya, C-130, iliyokuwa ikijaribu kuondoka, ilichomwa kwa roketi ya begani. Silaha ya mtu mmoja anayetembea kwa miguu.

Wanaoandika kuhusu mustakabali wa ndege za kivita huanza na kasi, umbo na bei. Marekani ilitangaza F-47 mwezi Machi 2025. Uingereza, Japani na Italia wanaunda ya kwao kwa pamoja. Mimi nadhani habari kubwa iko ndani ya chumba cha rubani. Agosti 2020, katika shindano la kompyuta, programu ya akili unde ilimshinda rubani halisi wa F-16 kwa mapambano 5 kwa 0. Mwaka 2023 akili unde iliendesha ndege ya kweli, F-16 iliyofanyiwa marekebisho na kupewa jina X-62A, ikapambana angani na F-16 yenye mtu. Hatua inayofuata ni ndege zisizo na rubani zitakazoruka pembeni ya ndege yenye rubani mmoja, kama ndama na mama yao, ila ndama hawa wana makombora.

Mashine haichoki na haiogopi. Rubani binadamu akikata kona kali anaweza kuzirai kwa sababu damu inamkimbia kichwani. Mashine haina damu. Hayo nayakubali. Ninachokitafuta katika taarifa zao na kukipata kwa taabu ni jibu la swali la Musoma: ikiona pua ileile na mabawa yaleyale, itajuaje? Itajua kwa picha ilizofundishwa. Na picha hizo zimepigwa wapi, juu ya ziwa lipi?

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya wakubwa. Uganda ilinunua Su-30 sita kutoka Urusi kuanzia 2011, katika manunuzi ya zaidi ya dola milioni 700 yaliyojumuisha na silaha nyingine. Kongo imenunua droni za kivita za Kichina, CH-4, kwa ajili ya vita vya mashariki mwake. Januari 2023 Rwanda iliirushia kombora ndege ya Kongo aina ya Su-25, ikisema imeingia anga lake. Kongo ikakana. Ndege ile ilitua Goma bawa likiwaka moto. Mstari uliokuwa ukigombewa pale ni wa hatua chache kati ya Goma na Gisenyi, na ndege ya aina ile huuvuka ndani ya sekunde.

Na Mwanza yenyewe? Mwaka 2018 droni ya majaribio ilianza kubeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, bila rubani, ikipaa wima kama helikopta kisha ikiruka kama ndege. Sijawahi kusoma habari ya teknolojia iliyonifurahisha kama hiyo. Mtu aliyewahi kusubiri kivuko na mgonjwa anaelewa. Lakini kwa mlinzi aliyeshika silaha ufukweni usiku, ile ni taa moja inayokuja kutoka ziwani, haina mtu ndani wa kujibu redio.

Mjomba alikuwa na la kuongeza. Vijana wa kwetu siku hizi wanazungumza zaidi nikeli kuliko dhahabu, kwa sababu ya mradi wa Kabanga kule Ngara na mpango wa kujenga kiwanda cha kusafishia madini Kahama, palipokuwa mgodi wa Buzwagi. Mpango unazungumzia betri za magari. Nikamweleza kwamba mapanga ya ndani ya injini ya ndege ya kivita, yale yanayozunguka katika moto unaozidi kiwango cha kuyeyuka kwa chuma chenyewe, hutengenezwa kwa aloi ya nikeli. Ngara iko upande uleule wa nchi ulikopita moto wa 1978. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ikirudi kupita juu," akasema, "tutaijua ni yetu?"

Nilimwambia haitakuwa na alama yoyote ya kutujulisha. Akacheka, akasema basi wampe muda mlinzi, angalau muda ule anaopewa yeye kabla ya utambi.