Mafunzo, uongozi na maana ya kazi: somo la Ebola huko Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018, wizara ya afya ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, kilometa karibu 30 kutoka mji wa Beni. Ugonjwa ulifika Beni, kisha Butembo na Katwa, hadi jimbo la Ituri. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa. Kati yao 2,287 walikufa, 1,171 walipona.

Hesabu hiyo wakaaji wengi wanaijua. Kinachosemwa kidogo ni habari ya wafanyakazi wenyewe: wauguzi, waganga, wasafishaji, madereva, wazikaji, na vijana wa mitaa waliopita nyumba kwa nyumba. Walijifunza kazi namna gani? Nani aliwaongoza? Na juu ya nini wengi waliendelea kuamka asubuhi na kwenda kazini, wakati jirani aliwaita wauza watu? Majibu yanamhusu kila mwenye kuongoza watu, hata kama kazi yake ni shule, koperative ya kahawa au duka la Butembo.

Kazi bila mafunzo inaua

Ebola ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo. Katika hopitali ya misioni ya pale, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi, na zilitumika kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa. Watu waliingia na malaria, wakatoka na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Kati ya wafanyakazi 17 wa hopitali ile, 11 walikufa. Hawakuwa watu wa roho mbaya. Walifanya walivyozoea, na vifaa havikutosha.

Miaka 42 baadaye jambo linalofanana na lile lilitokea Beni. Mwanzoni Ebola inaonekana kama malaria au tifoide: homa, kichwa kuuma, mwili kulegea. Mama alimpeleka mtoto kwenye kituo kidogo cha tiba cha kartie, vile vituo ambavyo wakaaji wanaviita tradi-moderne. Mtoto alilazwa kwenye kitanda ambacho hakikusafishwa vizuri, au alidungwa sindano bila usafi wa kutosha. Wataalam waliofuatilia ugonjwa waliona kwamba watoto wengi wa Beni waliambukizwa kwa njia hiyo. Wahudumu wa afya nao hawakuepuka: zaidi ya 160 waliambukizwa katika mlipuko mzima.

Mafunzo yanayobaki mikononi

Mtu hawezi kujua kuvua kombinezo kwa kusikiliza tu. Kuvaa si vigumu sana. Hatari iko wakati wa kuvua, kwa sababu mhudumu amechoka, ana jasho, miwani imejaa mvuke, na nje ya nguo kunaweza kuwa na damu au matapishi ya mgonjwa. Hapo anahitaji mwenzake asimame mbele yake na kumtajia kila hatua, asiruke hata moja. Kati ya hatua na hatua, mikono inaoshwa kwa maji ya klorini. Vipimo ni viwili: 0.05 kwa mia kwa mikono, 0.5 kwa mia kwa vifaa na sakafu. Akichanganya vipimo hivyo, ama ataunguza ngozi, ama ataacha virusi vikiwa hai.

Mafunzo ya namna hii yanadai kurudiarudia, na yanadai mtu wa kuja kuangalia baadaye. Semina ya siku moja katika sale ya hoteli, yenye makaratasi ya Kifaransa na bahasha ya usafiri mwishoni, haibadilishi mkono wa mtu. Kilichosaidia zaidi ni msimamizi kufika mwenyewe kwenye kituo cha afya, kuangalia ndoo ya maji iko wapi, takataka zinatupwa wapi, mgonjwa mwenye homa anapokelewa na nani, kisha kurekebisha pale pale bila kumuaibisha mtu mbele ya wagonjwa, na kurudi tena baada ya siku chache.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya mafunzo. Maneno kama “contact” au “cas suspect” yalitisha watu waliosikia tu kwamba wanatafutwa. Muuguzi aliyeweza kueleza kwa Kinande, au kwa Kiswahili kile cha sokoni, kwamba mtu atapimwa homa kila siku kwa siku 21 na kwamba hatafungwa, alikuwa na nguvu kuliko mtaalam mwenye shahada tatu asiyeeleweka.

Uongozi wa mbali na uongozi wa karibu

Riposte, kama wakaaji walivyoiita, ilikuja na magari mengi na watu wengi wa nje. Wakaaji waliuliza maswali ya haki. Mauaji yamewamaliza watu wa Beni tangu 2014 na msaada haukuja hivi: kwa nini sasa? Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na inchi yote, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Kesho yake watu waliandamana, na kituo cha wagonjwa cha Beni kikashambuliwa. Tangu siku hiyo, kwa wengi, mhudumu wa Ebola alikuwa mtu wa siasa.

Mwaka 2019 ulikuwa mchungu. Tarehe 24 Februari kituo cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo kilishambuliwa. Kilifunguliwa tena, kikashambuliwa tena tarehe 9 Machi na polisi mmoja akauawa. Siku ile ile mkurugenzi mkuu wa OMS, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alifika pale na kusimama pamoja na wafanyakazi. Tarehe 19 Aprili, watu wenye silaha waliingia katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, wakati wa kikao cha kazi, wakamuua mganga Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS. Siku chache baadaye, waganga wa Butembo waliandamana barabarani wakisema wataacha kazi wasipolindwa. Mwezi wa Novemba, huko Lwemba katika Ituri, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya jamii aliyekuwa akieleza watu habari za Ebola, aliuawa nyumbani kwake.

Askari peke yao hawakuweza kutatua shida hii. Kuwa na walinzi wengi kulizidisha hofu pengine. Njia nyingine ilikuwa kuwaweka watu wa mahali mbele. Julai 2019, rais wa Jamhuri aliikabidhi riposte kwa kamati ya wataalam chini ya profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa Yambuku mwaka 1976 na Kikwit mwaka 1995. Yeye alisisitiza kwamba vita hii haitashindwa bila wakaaji wenyewe. Kazi ya kuelimisha na kufuatilia ilipopewa zaidi viongozi wa mtaa, wachungaji, akina mama wa soko na vijana wa kartie, milango iliyokuwa imefungwa ilianza kufunguka.

Fedha na heshima

“Biashara ya Ebola” lilikuwa neno la kila siku Butembo. Muuguzi wa hopitali ya serikali, ambaye pengine hakuona mshahara kwa miezi mingi, alimuona kijana asiye na diploma akipokea prime ya dola kwa sababu anajuana na mtu ndani. Magari yalikodiwa kwa bei ya juu, na watu walijua ni ya nani. Mfanyakazi anaweza kuvumilia malipo madogo kuliko kuvumilia upendeleo. Hajui tena kama anafanya kazi ya kuokoa watu au anatajirisha mtu.

Baya zaidi lilijulikana baadaye. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti juu ya wanawake waliodaiwa ngono ili wapewe kazi, au ili wasifukuzwe, wakati wa riposte. Tume ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Ripoti ilionyesha pia kwamba njia za kushitaki hazikufanya kazi na wakubwa hawakufuatilia inavyopaswa. Hakuna semina ya uongozi inayoweza kufunika jambo kama hilo. Mahali ambapo mfanyakazi hana pa kulalamika bila kupoteza kazi, uongozi haupo, hata kama ofisi ina majina makubwa mlangoni.

Nini kiliwashikilia?

Pamoja na hayo yote, wengi hawakuacha. Mifano mitatu inaonyesha kwa nini.

Ya kwanza ni waliopona. Mgonjwa aliyepona Ebola anabaki na kinga dhidi yake. Kwa hiyo wanawake waliopona walipewa kazi ya kubeba na kulisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Watu hao walikuwa wakikimbiwa na majirani. Sasa walikuwa wanahitajika. Hata mgonjwa aliyeingia akilia alitulia kidogo akimuona mtu aliyelala kwenye kitanda kama chake na akatoka mzima.

Ya pili ni vyumba vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vilivyotumiwa Beni na shirika la ALIMA. Familia ilisimama nje ikamuona mgonjwa na kuongea naye. Uvumi kwamba ndani watu wanakatwa viungo ulipungua nguvu. Muuguzi naye aliweza kumhudumia mgonjwa bila kuvaa kombinezo nzito kila mara, na familia iliona anavyohangaika kwa ajili ya mtu wao.

Ya tatu ni jaribio la dawa. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa moja ya dawa nne ili kuona ipi inafaa. Waliopewa mAb114 walikufa karibu 35 kwa mia, na waliopewa REGN-EB3 karibu 34 kwa mia, huku kwa dawa nyingine mbili nusu yao walikufa. mAb114 ilitengenezwa kutokana na kinga ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Wauguzi na waganga Wakongomani ndio waliojaza fomu, wakapima damu na kulala vituoni usiku. Leo dawa hizo mbili zinatumika popote aina hiyo ya Ebola inapotokea.

Matunda yake mwaka 2021

Tarehe 7 Februari 2021, Ebola ilitangazwa tena katika eneo la Butembo. Safari hii wafanyakazi wa jimbo waliofunzwa miaka ile walikuwapo tayari. Walijua kuchanja mzunguko wa mgonjwa, kupima na kufuatilia. Watu karibu 2,000 walichanjwa, wakiwemo wahudumu zaidi ya 500. Tarehe 3 Mei ulikwisha: wagonjwa 12, waliokufa 6. Oktoba mwaka ule ulirudi Beni: wagonjwa 11, waliokufa 9, ukaisha tarehe 16 Desemba. Kila kifo ni msiba wa familia. Lakini ukilinganisha na 3,470, unaona faida ya kuwa na chanjo tayari na watu wanaojua kazi yao karibu.

Mambo ya kukumbuka kwa mwenye kuongoza watu

• Fundisha mahali pa kazi, kwa vifaa vyenyewe, na kwa lugha ambayo mfanyakazi anaota nayo. Kisha rudi uangalie.

• Mpe kila mtu mwenzake wa kumuangalia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

• Onekana siku ya shida. Wafanyakazi hawasahau nani alikuja na nani alipiga simu tu.

• Tangaza wazi nafasi za kazi na malipo yake. Siri ndiyo inazaa chuki.

• Weka njia ya kulalamika isiyopita kwa yule anayelalamikiwa.

• Onyesha matunda ya kazi. Msafishaji aambiwe ni wagonjwa wangapi walitoka wazima juma hili, kwa sababu naye amewatoa.

• Usimwache mtu aliyefunzwa apotee. Andika jina lake, muite kwa mazoezi kila mwaka, mlipe kwa wakati.

Jambo hili la mwisho bado ni deni. Wengi waliofanya kazi ya riposte walirudi katika vituo vyao bila prime, wengine bila mshahara. Maarifa yako mikononi mwao, na Ebola inaweza kurudi. Siku hiyo simu itawalilia wao kwanza.