Sambaza wa Gisenyi na Watu Waliowahesabu

Hadi miaka ya 1950, maji ya katikati ya Ziwa Kivu hayakuwa na samaki wa kuvua. Mvuvi wa Gisenyi, mji wa Rwanda ufukweni mwa ziwa hilo, alikaa kandokando, maana samaki walikuwa huko. Kati ya 1958 na 1960 mtaalamu Mbelgiji, Collart, alileta vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika akavimwaga Kivu. Vilikuwa vya aina 2. Moja ilipotea, nyingine, Limnothrissa miodon, ikashamiri. Huyo ndiye sambaza anayekaangwa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, na kuliwa mzima, kichwa na mkia.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla watu hawajafaidi. Mradi wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), wenye makao Gisenyi, ndio ulioeneza uvuvi wa usiku kuanzia 1979: mitumbwi 3 hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa, na sambaza wanaopanda kutoka kilindini wakaufuata mwanga. Kisha wavu ulioshushwa chini yao huvutwa juu, wavuvi wakiimba ili mikono yao iende pamoja.

Mwaka 1986 mwanasayansi Mbelgiji, Henri Dumont, akapiga mbiu. Kwa maoni yake, sambaza walikuwa wamewamaliza vijidudu wa majini wanaokula mwani. Mwani usipoliwa hufa, huzama na kuoza, na kuongeza gesi ya methani ambayo tayari imejaa kwenye kina cha Kivu. Haikuwa hofu ya kupuuzwa. Agosti mwaka huohuo gesi ya kaboni dioksidi iliyofumka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700, na Kivu ina gesi hiyo pia, nyingi mno, huku miji ya Gisenyi na Goma ikiwa ufukweni.

Jibu lilihitaji vipimo. Michel Lamboeuf alizunguka ziwa na mitambo ya mwangwi mwaka 1989 na 1991 kukadiria wingi wa samaki. Baadaye Pascal Isumbisho, mwalimu wa chuo cha ualimu cha ISP mjini Bukavu, Kongo, alichunguza vijidudu wenyewe kwa miaka. Aina moja ya Daphnia, mla-mwani hodari, ilikuwa imetoweka kweli. Hapo Dumont alikuwa sahihi. Lakini vipimo vya 2008 vilionyesha kuwa wingi wa sambaza haukutofautiana sana na ule wa zamani, dalili kwamba chakula chao hakikuwa kimeisha. Kazi hii ya subira inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Uvuvi wenyewe umewekewa mipaka. Sambaza hutaga karibu na ufuko, na watoto wao hukulia hapo, kwa hiyo wavu wenye matundu madogo ukikokotwa pwani hufyeka kizazi kizima. Rwanda huufunga uvuvi ziwani kwa takriban miezi 2 kwa mwaka. Mvuvi huumia kwa miezi hiyo, na bado sheria hiyo ni ya haki. Ugumu ni kwamba sambaza hajui mpaka wa Rwanda na Kongo unaopita ziwani: akipumzishwa Rubavu bila kupumzishwa upande wa Kongo, sehemu ya faida hupotea.

Na tangu 2006 kuna samaki mwingine kutoka Tanganyika, Lamprichthys, anayekula baadhi ya chakula kilekile cha sambaza. Watafiti wanapaswa sasa kuwapima wote wawili.