Kiraka cha 1994 kingali kazini

Septemba 1981, waraka wa RFC 791 uliipa kila anwani ya IP toleo la 4 biti 32. Jumla yake ni anwani 4,294,967,296, nyingi kupita kiasi kwa mtandao wa vyuo, maabara na jeshi la Marekani. Mwongo mmoja baadaye wahandisi walikuwa wakikadiria ni lini zitakwisha.

Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis wakatoa RFC 1631, waraka wa NAT, yaani ubadilishaji wa anwani za mtandao. Ofisi itumie anwani zake za ndani, na ruta ya mpakani iibadilishe anwani pakiti inapotoka, kisha iirejeshe jibu linapoingia. Wenyewe walisema wazi kuwa hilo ni suluhisho la muda. Mwaka uliofuata Cisco, kampuni ya kutengeneza ruta, ikainunua Network Translation, kampuni changa iliyounda kifaa cha PIX kwa kazi hiyohiyo, na baadaye NAT ikaingia ndani ya ruta zake.

Ruta, hata hivyo, haijui ni nani wa kubadilishiwa anwani. Hapo ndipo fundi anapoazima chombo kilichokuwapo tayari, orodha ya ruhusa:

access-list 1 permit 192.168.1.0 0.0.0.255

ip nat inside source list 1 interface GigabitEthernet0/0 overload

Katika 0.0.0.255, penye sifuri, namba lazima ilingane. Penye 255, yoyote inakubalika. Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa kuwa orodha hii haimzuii mtu. Kompyuta isiyomo humo hutoka na anwani yake ya ndani, na jibu haliirudii kamwe. Neno la mwisho, overload, ndilo lililoubadili ulimwengu: mamia ya watu hutumia anwani moja ya umma, wakitofautishwa kwa namba za poti tu.

Tarehe 3 Februari 2011, IANA, msimamizi wa anwani za dunia nzima, iligawa mafungu yake matano ya mwisho ya anwani hizo za biti 32, moja likaenda AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika aliyeko Mauritius. Mwaka 2012 kampuni za simu zikatengewa fungu la 100.64.0.0/10, ili NAT ifanyike juu ya NAT nyingine.

IPv6, yenye biti 128, imeandikwa tangu Desemba 1995. Mafundi wenzangu, mnapofunga ruta mpya, iwasheni na IPv6 siku hiyohiyo. Msimwachie mteja kiraka peke yake.