Tuol Sleng: Shule, Gereza, Makumbusho

Katika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, yapo majengo manne ya ghorofa yaliyozunguka ua wenye miti. Yalijengwa yawe shule ya sekondari. Tarehe 17 Aprili 1975 majeshi ya Khmer Wekundu yaliuteka mji, yakawafukuza wakazi wake kwenda mashambani. Shule ikabaki tupu, kisha ikageuzwa gereza la siri lililoitwa S-21. Mkuu wake, Kaing Guek Eav, aliyejulikana kwa jina la Duch, alikuwa zamani mwalimu wa hesabu.

Mgeni azuruye mahali hapo huona ya kwamba shule haikufutika. Madarasa yaligawanywa kwa matofali na mbao yakawa seli nyembamba. Mlingoti wa mazoezi ya viungo ukawa chombo cha mateso. Waya wa miba ulitandwa mbele ya veranda ili wafungwa wasijirushe chini.

Lakini kinachomsimamisha mgeni ni karatasi. Wafungwa wengi walipigwa picha, wakaandikiwa wasifu, na wengi wakateswa hata wakakiri kuwa wapelelezi wa Marekani, wa Urusi au wa Vietnam. Katika nyaraka hizo, kuua huitwa kwa neno la Kikhmer lenye maana ya kuponda hata kuwa vumbi. Mahakama ilithibitisha waliouawa wasiopungua 12,272, wengi wao huko Choeung Ek, nje ya mji. Walionusurika ni wachache mno. Mmoja wao, Vann Nath, aliachwa hai kwa sababu alijua kuchora sanamu za Pol Pot. Hivyo mwanahistoria hukuta hazina ya ajabu: maandishi mengi yaliyojaa uongo uliolazimishwa, na picha za kimya zinazosema kweli.

Majeshi ya Vietnam yaliingia mjini tarehe 7 Januari 1979, na serikali mpya ikalifanya gereza kuwa Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari. Jina hilo lataka kuchunguzwa. Mkataba wa mwaka 1948 hulihusisha kosa hilo na nia ya kuangamiza taifa, kabila, rangi au dini. Wengi waliofia S-21 walikuwa Wakhmer kama wauaji wao, tena wengi walikuwa wafuasi wa chama kilekile, pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 2010 Duch alihukumiwa kwa makosa dhidi ya ubinadamu na makosa ya vita, si kwa mauaji ya kimbari. Rufani ya mwaka 2012 ikampa kifungo cha maisha. Hukumu ya mauaji ya kimbari ilitolewa mwaka 2018 juu ya viongozi wengine, kwa ajili ya Wacham na Wavietnam.

Je, jina la makumbusho ni kosa? La. Neno la sheria hupima nia ya muuaji. Neno la msiba hupima ukubwa wa hasara ya waliobaki. Mtafiti apaswa kuyatenganisha bila kudharau lolote. Kazi iliyo ngumu zaidi ingali mbele yake: ukutani zimo nyuso nyingi zisizojulikana majina. Waandishi wa S-21 waliandika karibu kila kitu, na bado mtu aliweza kupotea ndani ya maandishi yao.