Bukta Isiyo na Zipu

Wahitimu wa kidato cha sita wanapoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), tangazo huja na orodha ya vitu vya kubeba. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja tu kwa nyuma, urefu uishie magotini. Fulana ya kijani. Soksi ndefu nyeusi. Shuka mbili za bluu bahari. Kwa mzazi wa Pangani, hapa Kibaha (si Pangani ile ya Tanga), kambi ya Ruvu iko jirani tu, Mlandizi, lakini ujirani haumpunguzii mwanawe hata mfuko mmoja wa bukta.

Ukali huu tumeurithi. Wakoloni waliwavika askari wetu kaki na tarabushi, Wajerumani kwanza, kisha Waingereza na jeshi lao la King's African Rifles (KAR). Waingereza walikuwa na mambo yao: kaptura lazima inyooke kwa pasi, shaba ing'ae, ilhali kwa miaka mingi kabla ya Vita Kuu ya Pili askari wengi wa KAR walipiga kwata miguu mitupu. Unadhifu ulikuwa wa kumridhisha mkaguzi, si wa kumstiri askari.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, batalioni za KAR zilibadilishwa jina zikawa Tanganyika Rifles. Maofisa wakuu walibaki Waingereza. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, wakaasi: wakawakamata maofisa wao, wakadai nyongeza ya mshahara na makamanda Waafrika. Tabora nako kukachafuka. Ni hawa hawa waliofunzwa kung'arisha buti na kunyoosha mkunjo. Januari 25 makomando wa Kiingereza, walioombwa na serikali, wakashuka kutoka manowari ya Centaur na kuwanyang'anya silaha.

Jeshi likavunjwa. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Mirisho Sarakikya akawa mkuu wake. Colito ikaitwa Lugalo, kukumbuka pale Wahehe walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Makuruta wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU na wa JKT, iliyoanzishwa Julai 1963. Safari hii nidhamu ilitafutwa kwenye siasa na jembe pia. Lakini pasi haikutupwa, wala wembe.

Wembe huo ndio wasomi walioukumbuka zaidi. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga JKT ya lazima na makato ya asilimia 60 ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Waliokuja baadaye walinyolewa, wakakimbizwa mchakamchaka, wakaitikia "afande" kwa mtu ambaye pengine hakumaliza darasa la saba. Nadhani hapo ndipo sare ilipofanya kazi yake halisi: kichwa kikiwa kipara na kombati ikifanana, mtoto wa waziri hatambuliki.

Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarudi 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakawa miongoni mwa wa kwanza kuingia kambini.

Lakini nje ya kambi sare si ya kila mtu: Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, yakiwemo yale ya mabakabaka yanayouzwa mitumbani.